Laigwanani Akienda Ughaibuni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hutoka pande tatu: kwa ndugu zetu walioko Ulaya na Marekani wanaotaka kumwalika mzee wa Kimasai, kwa vijana wa Kimasai wanaoitwa kwenye matamasha, na kwa watu wa mijini hapa nyumbani wanaouliza, nusu utani, kama Wamasai wanaopanda ndege "wanakwenda kuruka tu". Mengine yana majibu marefu. Mengine sentensi mbili zinatosha.

Laigwanani ndiye chifu wa Wamasai?

Hapana. Wamasai hawakuwa na chifu. Laigwanani ni msemaji na mwongozaji wa rika lake. Huchaguliwa angali kijana, baada ya wazee kuichunguza familia yake na mwenendo wake, kisha hukabidhiwa rungu jeusi ambalo ndilo alama ya wadhifa. Kazi yake kubwa ni kusikiliza. Baraza likikaa, watu husema mpaka maneno yaishe, ndipo yeye huyakusanya na kusema kile ambacho wote wamekubaliana. Hatoi amri. Akianza kutoa amri, rika lake lina namna ya kumrudisha kwenye mstari.

Kuna pia laibon, ambaye watu wengi humchanganya na laigwanani. Laibon ni mtu wa ibada, ramli na baraka, na nafasi hiyo hutoka katika ukoo maalumu. Mmoja ana kikao, mwingine ana kibuyu cha vijiwe vya kupigia ramli.

Halafu kumbuka kwamba Wamasai wana maeneo yao: Wakisongo, Wapurko, Waloita, Walaitayok, Wasalei, Wamatapato na wengineo. Laigwanani wa Kisongo hawezi kusimama Berlin akasema "sisi Wamasai wote tumeamua". Ndani ya Kisongo kwenyewe kuna marika, Seuri, Makaa, Landisi, Korianga, na kila moja lina malaigwanani wake.

Kwa nini mnashikilia sana suala la "nani kakutuma"?

Kwa sababu Wamasai walishawahi kuumizwa na jambo hilo hilo. Waingereza walipofika walitaka mtu mmoja wa kuzungumza naye, wakampa Olonana, yule ambaye Nairobi humwita Lenana, cheo cha chifu mkuu. Olonana alikuwa laibon. Mwaka 1904 ukatiwa saini mkataba uliowaondoa Wamasai kwenye malisho yao ya Bonde la Ufa na kuwagawa katika hifadhi mbili, ya Laikipia na ya kusini. Mwaka 1911 ukaja mkataba wa pili uliowaondoa Laikipia pia. Parsaloi ole Gilisho, kiongozi wa Wapurko, alipinga, na mwaka 1913 yeye na wenzake wakaenda mahakamani. Mahakama ikasema mikataba ile ni ya taifa kwa taifa, haiwezi kuisikiliza.

Kwa hiyo mzee wa Narok akikuuliza "huyu anayeongea kwa niaba yetu huko Uholanzi alitumwa na nani?", usidhani ana wivu. Babu yake alihamishwa na karatasi iliyotiwa saini na mtu ambaye baraza halikumtuma.

Kipimo chetu ni hicho. Mtu anaweza kuwa Mmasai safi, anajua nyimbo zote, na bado asiwe mjumbe. Mjumbe ni yule ambaye kikao kilimwambia nenda, kikamwambia aseme nini na anyamazie nini, na kitamdai taarifa akirudi.

Basi Mmasai wa kawaida haruhusiwi kwenda nje kuonyesha utamaduni?

Anaruhusiwa, na wengi wanakwenda. Vijana wanaouza shanga Zanzibar, wanaosuka nywele Dar es Salaam, wanaolinda mageti, wakipata mwaliko wa tamasha Italia waende wakafanye kazi yao. Wakasimame kama wasanii. Shida huanza pale kijana anapofika ugenini akavalishwa jina la "chifu" kwenye bango na akalikubali kwa sababu linaongeza bei ya tiketi.

Viongozi wa Kimasai wamewahi kufanya nini cha maana huko nje?

Zaidi ya watu wanavyojua. Moringe Parkipuny, aliyekuwa mbunge wa Ngorongoro, alisimama Geneva mwaka 1989 mbele ya kikosi kazi cha Umoja wa Mataifa kuhusu watu wa asili, akaeleza hali ya wafugaji na wawindaji wa Afrika Mashariki. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kuhutubia kikao kile. Hakwenda na ngoma. Alikwenda na hoja kwamba mila ya kuchunga haiwezi kuelezwa bila kutaja ardhi inayochungiwa.

Mwaka 2008 Wamasai sita kutoka kijiji cha Eluai, kaskazini mwa Tanzania, walikimbia London Marathon wakiwa na ngao na katambuga za matairi miguuni. Walikuwa wanatafuta fedha za maji ya kijiji. Watu wa London walipiga picha za ngao, na hilo halikuwa na ubaya wowote kwa sababu wale vijana walijua wamefuata nini.

Wa Kenya nao, mwaka 2002, kijiji cha Enoosaen kiliwapa Wamarekani ng'ombe 14. Kijana wao, Wilson Kimeli Naiyomah, alikuwa akisoma Marekani na alikuwapo New York wakati wa mashambulizi ya Septemba 2001. Aliporudi akawasimulia wazee. Wazee wakafanya kile kinachofanywa kwa mtu aliyefiwa: wakatoa ng'ombe. Afisa wa ubalozi akaja kuwapokea kwa niaba ya nchi yake, lakini kuwasafirisha ikashindikana, ng'ombe wakabaki kijijini. Wapo waliocheka waliposikia. Waliocheka hawajui ng'ombe ni nini kwa Mmasai. Hapo utamaduni ulifika ughaibuni bila mtu kuimba wala kuruka.

Na habari za makumbusho ya Oxford?

Mwaka 2017 Samwel Nangiria, kiongozi wa kijamii kutoka Loliondo, alitembelea Pitt Rivers Museum iliyopo Oxford. Ndani ya makabati ya vioo akaona vitu vya kwao, vingine ambavyo kwa desturi haviachani na familia. Mfano ni orkatar, bangili ambayo baba humwachia mwanawe. Haiuzwi wala haitolewi zawadi, kwa hiyo ikionekana kwenye kabati la Uingereza swali la kwanza ni: mwenyewe alipatwa na nini?

Mwaka uliofuata ujumbe wa wazee, wanaume na wanawake, kutoka Tanzania na Kenya ukaenda kuvikagua vitu hivyo kimoja kimoja, na mwaka 2020 ujumbe ukarudi tena. Wazee walisahihisha maelezo ya vitu, wakaeleza vipi ni vya kawaida na vipi ni vya heshima, na mambo mazito wakayapeleka kwa laibon. Kwangu mimi huo ndio mfano bora wa safari ya utamaduni. Wenyeji walifundishwa kuhusu vitu walivyokaa navyo miaka mingi bila kuvijua, na wageni hawakwenda kuburudisha mtu.

Ni mambo gani laigwanani huonyesha, na yapi hayaonyeshwi?

Orodha kamili hutoka kwa kikao cha kila eneo, kwa hiyo usituombe orodha moja ya Wamasai wote. Kwa kawaida salamu, nyimbo za kawaida, hadithi, vitendawili, shanga na maana zake, ujenzi wa boma, elimu ya mimea na mifugo huwa havina mgogoro. Sherehe za rika zinaweza kusimuliwa lakini haziigizwi. Mwaka 2018 UNESCO iliziingiza enkipaata, eunoto na olng'esherr za Kenya kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Enkipaata huwatayarisha wavulana, eunoto humtoa kijana kwenye umorani, yaani ujana wa kishujaa, olng'esherr humwingiza kwenye uzee. Ukiigiza eunoto jukwaani kwa dakika ishirini, nani hapo ametoka kwenye umorani?

Ibada za laibon haziendi. Wala maneno ya baraka hayasemwi kwa majaribio ili mpiga picha apate pembe nzuri, yakisemwa yamesemwa.

Mzee ataruka?

Hili ndilo swali linaloongoza. Jibu ni hapana, na tafadhali msimwombe.

Adumu, yaani mchezo wa kuruka, ni ya morani. Mwimbishaji huongoza, wenzake hujibu kwa sauti nzito za kooni, hakuna ngoma inayopigwa, na kijana huingia katikati akaruka wima bila visigino kugusa chini. Ni uwanja wa vijana kuonyeshana nguvu, na akina dada wakiwa wanatazama. Mzee mwenye wajukuu akiruka, kwao watamcheka mpaka wakae chini. Mkitaka adumu, alikeni morani waende pamoja naye. Mzee atakaa, atatazama, na pengine atawaambia kwamba enzi zake waliruka juu zaidi. Wazee wote husema hivyo.

Watoto wa shule huuliza kama Wamasai wanakunywa damu. Ajibu nini?

Ajibu kweli. Ndiyo, damu ya ng'ombe hunywewa, hasa ikichanganywa na maziwa, na ilikuwa zaidi kwa mama aliyejifungua, kijana aliyetoka kutahiriwa, au mgonjwa. Mshipa wa shingo hukazwa kwa kamba, hutobolewa kwa mshale mfupi, damu hukingwa, jeraha huzibwa na ng'ombe anarudi malishoni. Siku hizi ni nadra. Chakula cha kila siku ni ugali, maziwa, chai na wali.

Kinachosumbua ni mzee anayeona aibu akakana, au kijana anayetia chumvi akasema "kila asubuhi".

Na simba je?

Kuua simba kwa mkuki kulikuwa jambo la sifa kwa morani. Leo sheria inakataza, na Kenya ilipiga marufuku uwindaji tangu mwaka 1977. Karibu na Amboseli kuna vijana wa Kimasai ambao kazi yao ni kufuatilia nyayo za simba na kuwaonya wafugaji wahamishe mifugo. Hilo mzee alisimulie pia, maana wengi huishia kwenye mkuki.

Je, shuka na shanga si vitu vya kutoka Ulaya?

Wanaouliza hivi hudhani wametukamata. Shanga za kioo zililetwa na misafara ya biashara iliyopita pwani yetu, zikitokea Venice na Bohemia. Kabla yake mapambo yalikuwa ya mbegu, mifupa, udongo na chuma. Shuka la pamba lilichukua nafasi ya ngozi, na sasa hutoka kiwandani. Lakini mpangilio wa rangi, nani avae nini na lini, hayo hayakuja na meli. Nyekundu huelezwa kuwa ujasiri na damu ya ng'ombe, nyeupe maziwa na amani, buluu mbingu yenye mvua, kijani majani. Wanaozijua rangi kwa undani ni akina mama, maana ndio watunga shanga. Ndiyo sababu ujumbe usio na mwanamke hata mmoja huwa unababaisha katika somo hili.

Niongeze jambo ambalo vijana hawalijui. Mwishoni mwa miaka ya 1960, hapa hapa Tanzania, kulikuwa na kampeni ya serikali ya kuwafanya Wamasai waache lubega wavae suruali. Shuka linaloshangiliwa leo viwanja vya ndege liliwahi kuhesabiwa kuwa aibu ya taifa.

Wageni wakiuliza kuhusu ukeketaji?

Watauliza, na kukwepa hakufai. Ni kosa la jinai Tanzania, kwa sheria ya mwaka 1998 inayowalinda wasichana walio chini ya miaka 18, na Kenya kwa sheria maalumu ya mwaka 2011. Bado unafanyika, na ndani ya jamii yenyewe wapo wanaoupiga vita. Nice Nailantei Leng'ete wa Kenya alifanikiwa kwa kukaa na wazee na morani, akipigania msichana avuke kwenda utu uzima kwa elimu na baraka bila kukatwa. Laigwanani anayesafiri ni lazima ajue msimamo wa baraza lake kabla ya kupanda ndege. Akisema ughaibuni "tumeacha" na kijijini hakuna kilichoachwa, hiyo ni hasara kwa mabinti, na wageni si wajinga.

Tunashauri swali hili lijibiwe na mwanamke wa ujumbe, mzee akiwa pembeni akisikiliza.

Anaruhusiwa kuzungumzia ardhi, Loliondo na Ngorongoro?

Hakuna namna ya kumzuia mfugaji asitaje malisho. Mwaka 2023, baada ya mgogoro wa mipaka Loliondo na watu wa Ngorongoro kuhamishiwa Msomera, wilayani Handeni, ujumbe wa Wamasai wa Tanzania ulizunguka Ujerumani, Austria na Brussels kueleza upande wao. Serikali nayo ina maelezo yake, kwamba ni uhifadhi na uhamaji wa hiari. Mwenyeji anayetaka jioni ya shanga na nyimbo tu aseme mapema, na mzee naye aseme mapema kama atakubali mwaliko wa namna hiyo. Wengine hukubali, wengine hukataa.

Jina "Maasai" linatumika kwenye viatu, nguo na magari. Laigwanani anaweza kufanya nini?

Kampuni za viatu, za magari, hata Louis Vuitton katika mitindo yake ya mwaka 2012, zimetumia jina au sura ya shuka. Wazee wa Kenya na Tanzania waliunda chombo cha kudai haki hiyo, kikiongozwa na mzee Isaac ole Tialolo, na kampuni moja ya nguo ya Uingereza, Koy Clothing, ilikubali kulipia leseni. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa na sanaa za jadi. Njia nyingine ni jamii kujirekodi yenyewe: Wamasai wa Il Ngwesi, Laikipia, walipata mafunzo Marekani mwaka 2008 kupitia shirika la hakimiliki la dunia, WIPO, ili kanda na picha za mila zao ziwe mali yao.

Kwa mzee anayesafiri, maana yake ni hii: asitie saini fomu ya picha na video ambayo hakusomewa kwa Kimaa, lugha ya Wamasai, au kwa Kiswahili. Mara nyingi fomu hiyo hutolewa dakika kumi kabla ya onyesho. Mwenyeji mwema huituma kabla ya safari.

Fedha zinagawanywaje?

Kwa makubaliano yaliyoandikwa kabla ya safari, yakiwa na mambo matatu: posho ya wasafiri, fungu la jamii, na malipo ya watunga shanga. Hilo la tatu ndilo husahaulika. Shanga zinazouzwa kwenye meza ya tamasha zimetungwa na akina yeyo, yaani akina mama, waliobaki nyumbani, kila mkufu una mwenyewe, na ni haki daftari lionyeshe jina lake na bei iliyouzwa. Tumewahi kuona masanduku yakirudi matupu na daftari likirudi tupu vilevile.

Nyaraka gani zinahitajika?

Pasipoti kwanza. Wazee wengi hawana cheti cha kuzaliwa, hivyo huandaliwa kiapo cha kuzaliwa. Anzeni miezi kadhaa mapema. Viza ya Schengen hudai bima ya safari isiyopungua euro 30,000 na barua ya mwaliko inayosema nani anagharimia nini. Kikundi cha kutumbuiza kutoka Tanzania kinapaswa kuwa na kibali cha BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa. Beba pia barua ya kijiji au ya baraza la malaigwanani. Ofisa wa ubalozi anaweza asiitake, ila nyumbani ndiyo karatasi yenye uzito kuliko zote.

Sime, rungu na kibuyu vinapita uwanja wa ndege?

Sime, mkuki na rungu viende kwenye mzigo wa chini ya ndege, na muulize kwanza sheria ya nchi mnakokwenda kuhusu kutembea na silaha barabarani. Kibuyu kiwe kitupu na kikavu: Umoja wa Ulaya hauruhusu msafiri kuingiza maziwa wala nyama kutoka nje. Ngozi mbichi zibaki. Manyoya ya simba na ya mbega yabaki kabisa, hata kama babu ndiye aliyeyaacha, kwa sababu yanahitaji vibali vya kimataifa na bila hivyo yatataifishwa.

Nani atafsiri?

Mtu anayejua Kimaa, siyo Kiswahili peke yake. Mtanzania aliyeko Stockholm anaweza kumsaidia mzee sokoni na hospitalini, lakini mzee akianza kubariki au kutoa methali, Kiswahili chake mwenyewe huwa hakimtoshi. Kama Kimaa hakipatikani, mkae naye siku nzima kabla ya onyesho. Na mkalimani asifupishe. Mzee akisema dakika tano, yeye akasema "anawashukuru", ukumbi mzima utajua kuna kitu kimeibwa.

Watoto wamsalimieje?

Mtoto wa Kimasai huinamisha kichwa, mkubwa humwekea kiganja utosini. Elezeni walimu mapema, maana shule nyingi za Ulaya na Marekani zina masharti kuhusu mgeni kumgusa mtoto. Watu wazima husalimiana kwa mkono, "sopai" na jibu lake "epa", na kwa mwanamke "takwenya", naye hujibu "iko". Na mzee akibariki kwa kutema mate kidogo kiganjani au kifuani pa mtu, ni heshima kubwa aliyokupa; tangu kipindi cha korona wengi wameiacha wakiwa ugenini.

Atakula nini, atalala wapi?

Nyama ya ng'ombe, mbuzi au kondoo, maziwa, chai ya maziwa yenye sukari ya kutosha, wali, ugali mkipata unga. Wengi hawali samaki wala kuku, na nyama ya porini ni mwiko kwa wengi, kwa hiyo ule mgahawa wenye swala kwenye menyu msimpeleke mkidhani mnamkumbusha nyumbani. Mpeni chumba chenye joto. Shuka mbili hazitoshi Novemba ya Oslo, na koti zito juu ya lubega halijawahi kumpunguzia mtu Umasai wake.

Tumpe zawadi gani akiondoka?

Blanketi zito, tochi nzuri ya kichwani, dawa za mifugo kama mnaweza kuzinunua Arusha au Kajiado badala ya kuzisafirisha. Na picha na video zote mlizopiga, zote, siyo zile kumi zilizopendeza. Wekeni kwenye flashi mumkabidhi mkononi, kwa sababu kikao cha kupokea taarifa yake kitataka kuona kilichoonyeshwa.